Kasha Lisilo Kufuli

Katika Minecraft, mchezo wa kompyuta uliobuniwa Uswidi na kutolewa rasmi mwaka 2011, wachezaji wengi huweza kuishi katika ulimwengu mmoja: huchimba madini, hujenga nyumba, huweka akiba. Kasha la kawaida humo halina kufuli. Kila apitaye aweza kulifungua na kuchukua atakacho, na mchezo wenyewe haumzuii.

Je, achukuaye ni mwizi? Wapo wasemao la, kwani almasi ile ni picha tu. Lakini saa alizozitumia mchimbaji zimetoka katika umri wake, nazo hazirudi. Kiibwacho ni jasho.

Ndipo wenye mali hutafuta hila. Wengine hulifukia kasha ardhini. Wengine huliweka mbali kusikofika mtu. Mwaka 2012 likaongezwa kasha la Ender, lenye nafasi 27, ambalo kila alifunguaye huona vitu vyake mwenyewe tu. Hapo mwizi ameshindwa kabisa.

Ila pamoja na mwizi, ametoweka mwaminifu. Mbele ya kasha hilo mwema na mwovu hawana tofauti, maana hapana awezaye kuiba. Uaminifu hujulikana penye nafasi ya hiyana.

Basi mwenye busara atatia almasi zake katika kasha la Ender, na mlangoni ataacha kasha la wazi lenye mikate. Huenda mikate ikaibwa. Isipoibwa, atakuwa amejua jambo moja juu ya jirani zake ambalo kufuli lisingemwambia.