Mlango Ulioinama



Katika magari makuukuu tunayopanda kati ya Ndalambo na Tunduma, mlango wa dereva hutangulia kuchoka, kwa kuwa hufunguliwa kuliko mingine. Huinama, na loki yake isikutane na chuma cha kuipokea. Basi watu huubamiza. Kadiri unavyobamizwa, ndivyo pini na bushi za bawaba zinavyozidi kulika.

Fundi mwenye haraka hukishusha kile chuma kiufuate mlango. Utafungika vizuri kwa siku chache! Fundi wa kweli huufungua kidogo, akaushika ukingoni na kuunyanyua. Ukicheza penye bawaba, ameujua ugonjwa. Huuegemeza juu ya jeki na kipande cha ubao, ndipo achomoe pini na kutia bushi mpya, maana mlango ni mzito, nao hauwezi kujishikilia wakati unapotengenezwa.

Kanisani ndugu wawili wakigombana, ni rahisi kusogeza chuma: huyu ahamie kamati nyingine, yule akae benchi la nyuma, ibada iendelee. Lakini Bwana wetu, katika Mathayo 5:23-24, aliagiza hata sadaka isubiri upatanisho. Sadaka, ndugu zangu!

Tena anayekubali kupatanishwa huwa dhaifu siku zile. Wazee wa kanisa na akina mama wamwendee nyumbani kabla ya Jumapili ya Ushirika Mtakatifu, wakae naye, wasimwache akining'inia pini ikiwa imekwisha kuchomolewa.