Haki ya Mkeka Mmoja

Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto anayeanza alifu huketi mkeka mmoja na anayekaribia kuhitimu. Kila mmoja husoma pale alipofika, kwa sauti, mwalimu akimsikiliza kwa zamu. Wakubwa huwasomesha wadogo.

Shule za kisasa zilichagua usawa mwingine: umri mmoja, darasa moja, ukurasa mmoja. Lakini kumpa hadithi asiyejua silabi ni haki gani?

Nchini India, shirika la Pratham huwapanga watoto si kwa umri bali kwa kiwango cha kusoma: herufi, neno, aya, hadithi. Kuna hatari, tena si ndogo, ya kundi la chini kugeuka jina la aibu. Kwa hiyo watoto hupimwa tena, na anayeanza kusoma maneno huhamia kundi la mbele bila kungoja mwaka mpya.