Haki Inayojulikana Katika Mali ya Tajiri

Mkenya aliyeishi miaka ya 1980 anaikumbuka stakabadhi ya harambee. Mtu alikwenda kwa chifu kutafuta barua, akaulizwa kwanza kama amechangia shule. Mtumishi wa serikali aliona mshahara umekatwa kabla haujamfikia mkononi. Jambo lililoanza kwa moyo wa kusaidiana likageuka tozo isiyo na kipimo, na aliyepanda jukwaani na bahasha nene akaitwa mfadhili bila kuulizwa bahasha hiyo ilijazwa wapi. Utawala ulipobadilika, kamati maalumu iliundwa kuichunguza michango hiyo, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa Nakuru: Koigi wa Wamwere, mbunge wa Subukia wakati huo. Mwaka 2003 kamati ilitoa ripoti, na mwaka uo huo Bunge likapitisha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, iliyowazuia maafisa kutumia vyeo vyao kuchangisha watu.

Kwa hiyo mtu wa Nakuru akisikia hoja kwamba wenye kipato kikubwa walazimishwe kutoa, ana kila sababu ya kuuliza: walazimishwe na nani, kwa kiasi gani, na mali hiyo iende kwa nani? Muislamu anayo majibu tangu zamani za Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ila wengi wameyaacha yakae vitabuni.

Katika Suratu Dhaariyaat, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anawasifu wacha Mungu kwa kuwa ndani ya mali zao mna haki ya mwenye kuomba na aliyenyimwa. Katika Suratul Maarij, aya ya 24 na 25, haki hiyo inatajwa kuwa ni yenye kujulikana. Mali imekaa kwa tajiri, lakini sehemu yake ina mwenyewe. Anayeishika baada ya siku yake kufika ameshika mali ya mtu mwingine, hata kama jina lililoandikwa benki ni lake.

Haki hiyo ndiyo zaka, na kiasi chake hakikuachiwa huruma ya mtu. Fedha na biashara zikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka mmoja wa hijria ukapita, hutolewa asilimia 2.5. Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Siku yake ya zaka ikifika, anahesabu bidhaa zote rafuni na ghalani kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo. Tuseme ni shilingi 3,200,000. Benki na kwenye simu ana 900,000. Wateja wanaoaminika wanadaiwa 300,000. Yeye mwenyewe anadaiwa 400,000 na waliomletea mali. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kuondoa deni, na wanaoliondoa watabakiwa na milioni nne kamili. Zaka yake ni shilingi 100,000. Rafu, gari la kubebea mizigo na jengo analofanyia biashara havihesabiwi. Kazi yote ni ya jioni moja na daftari.

Mkulima ana hesabu yake. Suratul An'aam, aya ya 141, inaamrisha haki ya mazao itolewe siku ya kuvuna, kwa hiyo ngano ya Njoro na mahindi ya Subukia hayangoji Ramadhani. Shamba linalonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja ya kumi. Linalomwagiliwa kwa gharama hutoa nusu ya hapo. Aliyevuna magunia 100 kwa mvua anatoa 10. Asiyefikisha wasaki tano, yaani takriban kilo 653, au gunia saba na kidogo za kilo 90, hadaiwi kitu. Mfugaji wa mbuzi 40 wanaojilisha malishoni anatoa mmoja, na mwenye ng'ombe 30 anatoa ndama wa mwaka mmoja. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini, kama walivyo wengi huku kwetu, hana zaka ya mifugo katika madhehebu ya Shafi, lakini fedha za maziwa zikiwekwa zikatimiza mwaka na nisabu, zina zaka.

Anayebaki ni mwenye mshahara mnono, na huyu ndiye mwenye udhuru mwingi. Tangu Julai 2023, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi inatozwa kodi ya asilimia 35, halafu kuna makato ya nyumba na ya bima ya afya. Anasema ameshatoa vya kutosha. Makato ni mazito, hakuna anayebisha, lakini kodi ni deni la raia kwa dola yake, hulipwa bila nia ya ibada na hutumika kwa barabara na mishahara. Zaka ina nia yake na watu wake wanane waliotajwa katika Suratu Tawba, aya ya 60. Kilichokatwa hakimo tena mkononi, basi hakihesabiwi. Kilichobaki kikawekwa mwaka mzima kinahesabiwa. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikwenda mbali zaidi, akaona mshahara utolewe zaka pale unapopokewa. Hata anayeshika kauli ya kungoja mwaka hana njia ya kuikwepa akaunti iliyonona.

Sasa swali la kulazimisha. Mtume alipofariki mwaka 632, makabila kadhaa yalikubali kuswali yakakataa zaka, na khalifa wake, Sayyidna Abu Bakr (r.a.), akaapa kuwapiga vita hata kwa kamba ya kufungia ngamia waliyokuwa wakimpa Mtume. Hivyo basi, lazima ipo katika dini na haina shaka. Lakini dola ya leo ikijaribu, mambo huwa magumu. Pakistan, chini ya Jenerali Zia ul-Haq, ilitunga sheria ya zaka mwaka 1980, asilimia 2.5 ikakatwa kwenye akaunti za akiba siku ya kwanza ya Ramadhani. Mashia waliandamana Islamabad mpaka wakaruhusiwa kutokatwa, na watu wengi wakajifunza kutoa pesa benki kabla mwezi haujaandama. Kenya haina sheria kama hiyo. Mahakama za Kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba, husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu binafsi. Kadhi wa Nakuru hawezi kumwita tajiri kwa zaka. Tajiri wa hapa amebaki na Mola wake na jamaa wa msikiti wake.

Jamaa hao wana kazi kubwa kuliko wanavyodhani. Kila Ramadhani foleni za maskini hujipanga milangoni mwa maduka, kila mmoja akapata noti moja, na Shawwal inawakuta pale pale. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosomeshwa katika madrasa zetu, aliandika kuwa fukara mwenye ufundi apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake, hata vikiwa vya bei kubwa, ili aondoke katika ufukara. Wafanyabiashara 20 wenye zaka ya shilingi 100,000 kila mmoja wanakusanya milioni mbili. Zikigawanywa mia tano mia tano, watu 4,000 watakula siku moja au mbili. Zikigawanywa 50,000, watu 40 watapata cherehani, mashine ya kuchomelea, au mtaji wa kibanda Bondeni, na mwaka ujao baadhi yao hawatakuwa kwenye foleni. Mwendesha bodaboda anayezama katika deni yumo pia katika wale wanane. Na Mtume alipomtuma sahaba wake Muadh Yemen alimwagiza zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafukara wao, basi mali iliyochumwa Nakuru ianzie Kaptembwo, Rhonda, na kwa wanaochambua taka kwa mikono Gioto.

Juu ya zaka ipo sadaka, nayo haiulizi dini ya mtu. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018 likaua watu 48, zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani iingie. Mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 yalikuja Shawwal. Misiba ya namna hiyo huwafungua watu mifuko kwa machozi, na ni jambo jema. Zaka iliwekwa kwa ajili ya miezi isiyo na kamera.

Basi, ewe mwenye duka, mwenye shamba na mwenye mshahara, chagua tarehe moja ya hijria, iandike, na ikifika hesabu mali yako bila kujihurumia. Toa bila masimango. Nanyi wanakamati wa misikiti ya Nakuru, Gilgil, Naivasha na Molo, fungueni daftari la zaka lililo mbali na daftari la ujenzi, wekeni waaminifu watatu, wake kwa waume, na kila mwisho wa mwaka bandikeni mlangoni kilichoingia na kilichotoka, majina ya mafukara yakisitiriwa.