Kujitolea si Kutolewa

Lugha yetu ya taifa ina neno ambalo hutamkwa mara nyingi katika mikutano ya hadhara, hata maana yake ikaelekea kufifia. Neno hilo ni "kujitolea". Tukilichunguza, tutauona uzito wake: ndani yake mna kitendo cha kutoa, na mna "ji" inayoonyesha kwamba atoaye na kitolewacho ni mtu yule yule. Mwenye kujitolea hatoi mahindi wala fedha tu. Hutoa nafsi yake. Je, jambo la namna hii laweza kuamriwa? Na kama haliwezi, je, basi ni hiari tupu, ambayo mtu aweza kuishika leo na kuiacha kesho bila lawama? Twaona kwamba milima ya Wamatengo, katika Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, yaweza kutusaidia kulijibu swali hili.

Msafiri apitaye Mbuji na vijiji vya milima ile huona miteremko mikali iliyojaa mashimo yaliyopangika kama sega la nyuki. Hayo ni mashamba ya ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hata ikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika nyasi hizo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu ufuatao huwa zamu ya mahindi. Nyasi huoza zikawa mbolea, na mashimo huyazuia maji yasiuporomoshe udongo.

Kilimo hiki kina fundisho la maadili pia. Mlimani hakuna shamba la mtu peke yake. Aliye juu akizembea, maji hupata nguvu katika shamba lake na kuyabomoa matuta ya aliye chini. Kwa hiyo, kumsaidia mjane au mgonjwa wa juu kuchimba ngoro zake si huruma pekee. Ni kukilinda chakula cha walio chini. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa ivunayo mahindi mengi nchini. Hata hivyo, njaa huweza kuingia katika nyumba moja ya mkoa huo huo, si kwa kukosa mvua, bali kwa kukosa mikono wakati wa kulima.

Wamatengo wa zamani walikuwa na mahali pa kuliangalia jambo kama hili. Mahali hapo paliitwa sengu. Watu wa ukoo mmoja walikula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, na hapo hapo kazi zilipangwa, vijana walionywa na ugomvi ulisuluhishwa. Palipo na chakula cha pamoja, njaa haina mahali pa kujificha, wala uvivu hauna. Hatusemi kwamba sengu haikuwa na kasoro. Sauti za wazee ndizo zilizotawala, na mzigo mzito wa jembe na jiko uliwaangukia wanawake. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo hatuna budi kulitafakari: mtu alitimiza wajibu bila kushurutishwa na askari, kwa sababu alikuwa mtu wa watu, na kukosekana kwake kungeonekana.

Historia ya mkoa huu inatuonyesha pia kinachotokea pale amri inapochukua nafasi ya wajibu. Mwaka 1960 vijana wachache wa TANU walianza kulima na kuishi pamoja huko Litowa, katika Wilaya ya Songea, kwa hiari yao. Vijiji vingine vilifuata, na vyote vikaungana katika chama cha maendeleo kilichojulikana kama RDA. Wanavijiji walipanga kazi zao katika mikutano yao wenyewe, wakaendesha shule yao na kiwanda cha kusaga nafaka. Mwalimu Nyerere aliwasifu, na mwaka 1968 alieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na wengine, hujiendeleza wenyewe. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa TANU, na mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Watu walihamishwa, wengine kwa nguvu. Mikono ilipatikana, ile "ji" haikupatikana.

Sasa tutazame mfano mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kijiji cha Kindimba wilayani Mbinga, wananchi walishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wataalamu wa Kijapani kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Utaalamu ulitoka nje, lakini nguvukazi ilikuwa ya wanakijiji, na kamati iliyosimamia kazi ilipewa jina la Sengu. Jina hilo halikuchaguliwa kwa pambo. Lilisema kwamba mashine ile ni chungu kimoja, na kwamba kila anayekula humo ana haki ya kusema na wajibu wa kuchangia.

Pengine mtu atatupinga kwa kusema kwamba pasipo amri barabara hazitengenezwi wala madarasa hayajengwi. Hoja hiyo ina ukweli. Jamii ina haki ya kutoza kodi na hata kuitisha msaragambo. Lakini kazi ya lazima na iitwe kazi ya lazima, hesabu zake zisomwe hadharani, na asiitwe mtu aliyejitolea yule ambaye kwa kweli ametolewa. Tukiyachanganya maneno haya mawili, tutalichosha neno lililo jema, na siku ya njaa tutakapolihitaji, hakuna atakayeliitikia.

Basi jibu letu ni hili: kujitolea hakuamriwi, wala si hiari tupu. Ni wajibu ambao mtu hujifunza kwa kula, kulima na kusemezana na wenzake, hata akaona kwamba shamba la jirani aliye juu ni sehemu ya shamba lake. Na hapa hatuna budi kujiuliza sisi walimu. Mwanafunzi akikosea, mara ngapi tumempa jembe kama adhabu? Akiisha kulima ngwe ya kosa lake, tunamwambia kesho yake kwamba kulima shamba la shule ni heshima. Mtoto si mjinga. Anajua lipi kati ya maneno yetu mawili tulilimaanisha, na ndilo atakalorudi nalo kijijini.