Mkristo na Kiti cha Udiwani

Kila baada ya miaka 5 kata zetu huchagua madiwani, na kila mara tunasikia washarika wakisema: siasa ni mchezo mchafu, Mkristo asiiguse. Lakini hapa Dakawa diwani ndiye anayefikisha kwenye Halmashauri ya Mvomero habari za mifereji ya mpunga na ugomvi wa wakulima na wafugaji. Je, hayo si mambo ya Mungu? Martin Luther alifundisha kwamba Mungu huitawala dunia kwa njia mbili: kwa Injili na kwa serikali.

Katika Waamuzi sura ya 9, miti mizuri ilikataa kutawala. Mti wa miiba ukakubali. Tukikataa sote, tusishangae kuchomwa.

Ila tujihoji. Mzee wetu wa kanisa akigombea, sisi ndio wa kwanza kumwomba mabati, soda na nauli. Tunamtaka awe msafi huku tukimdai rushwa. Akishinda akiwa na madeni, atayalipa kwa kitu gani? Pengine kwa zamu ya maji ya mjane.

Basi, kabla ya kumwombea mgombea, tumwahidi jambo moja: kura yetu haiuzwi.