Ulimi Katika Kiti cha Hakimu

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 2:8, 9, Mwanzo 25:28, Mwanzo 27:1–27, Luka 14:1–14, Yohana 2:1–11, Yohana 21:1–14.

Jioni moja tulimtembelea mama mjane, mshiriki wa kanisa letu. Alitukaribisha kwa ugali, maharage na mchicha wa karanga. Baada ya kuomba, binti yetu wa miaka minane alionja mchicha, akashika kidevu, akanyamaza kidogo, kisha akatangaza: "Nne kati ya kumi." Mama yule alicheka, lakini macho yake yalitazama chini.

Njiani kurudi nyumbani nilijiandaa kumkemea mtoto, mpaka nilipokumbuka alikojifunzia. Kwa majuma kadhaa tulikuwa tumekaa pamoja mbele ya televisheni tukitazama mashindano ya upishi, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoa alama. Tena alikwisha kunisikia mezani petu nikimwambia mama yake, kwa sauti ile ile ya waamuzi, kwamba wali wake hauna mvuto.

Mashindano haya yamekuwapo kwa miaka mingi. MasterChef ilianza Uingereza mwaka 1990, na baadaye nchi nyingi zikatengeneza matoleo yake. Huko Japani, mwaka 1993, kilianza kipindi kinachojulikana duniani kwa jina la Iron Chef: wapishi wawili, chakula kimoja ambacho lazima kionekane katika kila mlo, na saa moja tu ya kupika. Mwisho wake hufanana karibu kila mahali. Mpishi anasimama, mikono nyuma, jasho usoni. Mwamuzi anaonja kijiko kimoja. Kimya. Kisha hukumu.

Nyuma ya mashindano haya kuna mvuto wa migahawa ya kifahari. Mwaka 1900 ndugu wawili Wafaransa watengenezaji wa matairi, André na Édouard Michelin, walitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari safarini. Mwaka 1926 kitabu hicho kilianza kuipa migahawa nyota. Leo nyota tatu ni heshima ambayo wapishi wengi huitafuta maisha yao yote.

Je, ni dhambi kupenda chakula kizuri?

*Soma Mwanzo 2:8, 9. Miti ya bustani inaelezwaje?*

Miti ile ilipendeza macho, tena ilifaa kwa chakula. Muumba angeweza kutulisha kwa kitu kisicho na rangi wala ladha, nasi tungeishi. Hakufanya hivyo. Hata jangwani, mana ilikuwa na ladha kama ya asali (Kutoka 16:31). Ulimi unaotambua utamu ni kazi ya mikono yake. Ellen White, aliyetuhimiza tupende chakula cha kawaida kisicho na anasa, alifundisha pia kwamba kujifunza kupika vizuri ni wajibu wa kidini. Kwa hiyo anayepika maharage bila uangalifu hajawa mtakatifu kuliko anayeyapika yakapendeza.

Basi tatizo haliko katika ladha. Tatizo linaanza pale ulimi unapoacha kuwa mpokeaji wa zawadi na kukalia kiti cha hakimu. Nao ukikaa hapo, hauhukumu chakula peke yake.

*Soma Mwanzo 25:28 na 27:1–27. Chakula kilikuwa na sehemu gani katika upendo wa Isaka kwa Esau?*

Biblia haifichi jambo hili: Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya mawindo yake. Ladha ilikuwa imegeuka kipimo cha mwana. Tena angalia jinsi hakimu huyu alivyodanganyika. Rebeka alitwaa wana-mbuzi wa nyumbani, akawapika kwa namna aliyoipenda mumewe, naye Isaka akala akidhani anakula mawindo ya porini. Ulimi alioutegemea haukujua kutofautisha mbuzi na mnyama wa mwituni. Kama ulimi unaweza kukosea hata juu ya nyama, tutauaminije utupimie watu?

Sisi watazamaji tuko mbali zaidi hata kuliko Isaka. Yeye angalau alionja. Sisi tunatoa alama kwa chakula ambacho hatukukigusa, kilichopikwa na mtu tusiyemjua, na tunapoinuka kitini tunaikuta sufuria ya nyumbani ikitungoja. Mama aliyekoka moto baada ya kazi ya siku nzima hakujiandikisha katika shindano lolote. Lakini tumeshamwandikisha bila yeye kujua.

Hata walio juu kabisa huchoshwa na kiti hiki. Sébastien Bras ni mpishi wa Laguiole, kusini mwa Ufaransa. Mgahawa wa familia yake ulikuwa na nyota tatu tangu 1999. Mwaka 2017 aliomba uondolewe katika kitabu cha Michelin. Alieleza kwamba alitaka kupika bila mzigo wa kujua kuwa sahani yoyote inayotoka jikoni siku yoyote huenda ikawa ndiyo inayopimwa. Ombi lake lilikubaliwa katika kitabu cha 2018. Mwaka uliofuata mgahawa ule ulirudishwa kitabuni, safari hii ukiwa na nyota mbili. Alikuwa ameomba asipimwe, naye akapimwa tena.

Je, tusisahihishane kamwe?

Mtu anaweza kusema: bila kuambiwa ukweli, mpishi atajifunzaje? Hoja hii ina uzito. Wapo vijana walioanza kupenda jiko kwa sababu ya vipindi hivi, na wapo wanaume waliojifunza humo kwamba kupika si kazi ya wanawake peke yao. Tena mwanafunzi wa upishi anahitaji mwalimu atakayemwambia kwamba chumvi imezidi. Lakini mwalimu humsahihisha mwanafunzi ili kesho apike vizuri zaidi. Mimi nilipomwambia mke wangu kwamba wali hauna mvuto, sikuwa nikimfundisha kitu. Nilikuwa najionyesha kwamba najua.

*Soma Yohana 2:1–11. Ni nani katika arusi ile waliojua divai ilikotoka?*

Mkuu wa meza alionja, akatoa hukumu sahihi kabisa: hii ni njema kuliko ile ya kwanza. Lakini Yohana anaongeza jambo ambalo ni rahisi kulipita: hakujua ilikotoka. Waliojua ni watumishi walioteka maji. Mwonjaji alijua ubora wa divai, watumishi wakajua habari za Mtoaji. Inawezekana kusema kweli juu ya ladha na kukosa kabisa kuuona muujiza. Kila sahani inayowekwa mbele yetu ina mahali ilikotoka: mvua ya Mungu, mgongo wa mkulima, mikono ya aliyepika. Anayeanza kwa kutoa alama huenda asifike huko. Anayeanza kwa kushukuru amekwisha kufika.

*Soma Luka 14:1–14. Yesu aliwaambia nini wageni, na alimwambia nini mwenyeji?*

Ilikuwa siku ya Sabato, na meza ile ilikuwa meza ya watazamaji. Wao walimvizia Yesu, na wageni waliangaliana ni nani atakayepata kiti cha mbele. Bwana hakusema neno lolote juu ya mapishi. Aliuliza, kwa maana yake, ni nani ambao hawapo. Wako wapi maskini, vilema na vipofu?

Swali hilo linaweza kuufikia hata upishi wa kifahari. Mwaka 2015, wakati wa Maonesho ya Dunia mjini Milan, mpishi Mwitalia Massimo Bottura, ambaye mgahawa wake una nyota tatu, alishirikiana na shirika la Caritas kugeuza jumba la zamani la maigizo kuwa ukumbi wa chakula. Wapishi mashuhuri walipika humo kwa vyakula vilivyobaki, ambavyo vingetupwa, na waliokula ni watu wasio na makazi na wahitaji wengine. Ustadi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni walioketi mezani.

Mpishi wa ufukweni

*Soma Yohana 21:1–14.* Kristo aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, aliwasha moto wa makaa, akaweka samaki na mkate, akawaita watu waliokesha usiku mzima bila kupata kitu waje wale. Miongoni mwao alikuwamo Petro, aliyemkana mara tatu. Yeye aliyekuwa na haki ya kuwahukumu wote aliwapikia. Mazungumzo na Petro yalikuja, nayo yalikuwa ya kweli, lakini yalikuja baada ya kula.

Tulirudi kwa mama yule mjane juma lililofuata. Sikumfundisha binti yangu maneno ya kusema. Nilimwomba tu msamaha kwa mfano niliompa, kama nilivyokwisha kumwomba mama yake. Mchicha ulipoletwa, aliula, kisha akauliza: "Bibi, unaupikaje?" Mama aliinua macho. Alianza na karanga, jinsi anavyozikaanga na kuzitwanga mwenyewe, na maelezo yalichukua muda mrefu kuliko chakula chenyewe.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kufurahia chakula kizuri na kutawaliwa nacho? Mtu atajuaje kwamba amevuka mpaka?

2. Ni maneno gani husemwa mezani kwenu mara nyingi zaidi: ya shukrani au ya hukumu? Ni nani anayeyasikia?

3. Fikirieni chakula cha pamoja kanisani kwenu siku ya Sabato. Ni nani asiyeleta sufuria yake kwa kuogopa kupimwa, na darasa lenu linaweza kufanya nini ili aketi mezani bila hofu?