Zawadi ya Mtoto kwa Baba Yake

Jumapili ya tatu ya mwezi Juni nchi nyingi huadhimisha Siku ya Akina Baba. Desturi hii ilianza Marekani, katika mji wa Spokane, tarehe 19 Juni 1910, kwa juhudi za Bibi Sonora Smart Dodd, aliyetaka kumheshimu baba yake, mgane aliyelea watoto sita. Hapa Maswa siku hiyo huangukia wakati wa kuchuma pamba, baba na watoto wakiwa shambani pamoja, na sherehe haina nafasi. Hata hivyo swali lake latuhusu: mtoto asiye na senti aweza kumpa baba yake nini?

Wapo wasemao kwamba hana cha kumpa. Mti anaouchonga ni wa baba, panga ni la baba, hata nguvu za mikono yake zimetokana na ugali wa baba. Kumrudishia mtu mali yake, wasema, si kumpa kitu. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini tukiifuata mpaka mwisho wake, hata sisi wakubwa hatuna la kumtolea Mungu, na sadaka yetu ya kila Jumapili yageuka kuwa mchezo.

Mtazame binti akatavyo viazi vitamu na kuvianika juu ya jabali, akivigeuza na kuvilinda na mbuzi, ili baba yake apate michembe. Viazi ni vya nyumbani, kweli. Bali zile alasiri alizokaa juani, wenzake wakicheza, hizo baba hakumpa. Alizitoa mwenyewe. Ndiyo maana hatuvutwi sana na vikombe vya dukani vilivyochapwa maneno ya Kiingereza, ambayo pengine baba mwenyewe hawezi kuyasoma.

Tumesimuliwa habari ya kijana mmoja wa wilaya hii aliyemchongea baba yake kigoda cha miguu mitatu. Alikichonga machungani, kwa siri, kwa majuma kadhaa. Kikatoka kimeinama kidogo upande mmoja. Baba akakipokea, akakikalia kila jioni. Kisha chakula kikapungua nyumbani. Siku moja alfajiri baba akakichukua kigoda pamoja na kuku wawili, akaenda navyo mnadani, akarudi na unga. Usiku ule kijana alikula ugali akilia, wala hakuna aliyemwuliza kinachomliza.

Je, baba huyu alikosa? Wazee tuliowauliza hawakupatana. Mmoja alisema kilichotolewa ni cha aliyepewa, akiuze, akichome moto, shauri lake. Mwingine alisema zawadi ya mtoto haina bei, na kuipeleka mnadani ni kumwuza mtoto mwenyewe. Sisi twaona wa kwanza amesema kidogo mno, na wa pili amepita kiasi. Baba anayeacha watoto walale na njaa ili asikose mahali pa kukalia hakiheshimu kigoda wala aliyekichonga. Kuuza hakukuwa kosa.

Kosa lilikuwa katika alfajiri ile. Alikichukua mtoto angali amelala, akarudi asiseme neno, kana kwamba ameuza jembe bovu. Ni kweli kwamba haya hufunga vinywa vya akina baba wengi, hasa siku wanaposhindwa kulisha nyumba zao; nasi hatutaki kumtwika mtu huyu mzigo juu ya mzigo. Lakini lau angalimwamsha kijana na kumwambia, Mwanangu, hatuna unga, nakiomba kigoda chako, twaamini angalikibeba mwenyewe kichwani mpaka mnadani, naye angaliila jioni ile kama mtu aliyelisha nyumba ya baba yake.

Kijana yule, tumeambiwa, amekwisha chonga kigoda kingine. Miguu yake imekaa sawa. Mpaka sasa hajakitoa kwa mtu.